Wekundu wa Kisutu: Namna ya Kubakiza Rangi Moja katika Picha ya Mtu ya Nyeusi na Nyeupe

Kisutu, kanga ya zamani ambayo watu wa pwani wameizoea katika shughuli za harusi, kwa kawaida huwa na rangi tatu tu: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mpige picha mama aliyejitanda kisutu, kisha igeuze picha hiyo iwe ya nyeusi na nyeupe, nawe utaona kwamba nyeusi imebaki nyeusi na nyeupe imebaki nyeupe, lakini wekundu umezama katika kijivu kizito kinachofanana na ngozi ya shingo yake, hata hujui nguo imeishia wapi na mwili umeanzia wapi. Urudishe wekundu huo peke yake, na kanga inakuwa nzima tena kama ilivyotoka dukani, huku uso, ukuta na mlango vikiendelea kukaa katika kijivu chao. Sijapata mfano ulio mwepesi kuliko huu wa kueleza kwa nini mpiga picha aamue kubakiza rangi moja, na kwa hiyo ndio nitakaoufuata hapa, kuanzia kumkalisha mtu mlangoni hadi kuisafisha picha kwenye karatasi.

Ufundi huu umechafuliwa jina. Watu wengi wameuona kwenye kadi za salamu, ua jekundu likiwa mkononi mwa mtoto wa kijivu, au kwenye picha za harusi ambamo midomo ya bibi harusi imeachwa nyekundu na kila kitu kingine kikaondolewa rangi. Picha za namna hiyo hazichukizi kwa sababu zina rangi, bali kwa sababu rangi yenyewe haina kazi inayoifanya. Kipimo changu ni kimoja: rangi inastahili kubakizwa pale ambapo kuiondoa kumeipunguzia picha kitu ambacho kijivu hakiwezi kukirudisha. Ukiitazama picha ya nyeusi na nyeupe na kuiona imekamilika, iache. Ukiona pengo, na pengo hilo lina umbo la kitambaa, kofia au jani la rehani kwenye kikuba, hapo una sababu ya kuendelea.

Wala jambo hili si la kompyuta peke yake. Ufundi wa kupiga picha kwa bamba la shaba lililopakwa fedha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839, na haikuchukua miaka mingi watu wakaanza kupaka rangi kwa mkono juu ya picha, kwa kuwa wateja walilalamika kwamba nyuso zao zilionekana za kijivu kama maiti. Katika miaka ya 1860 studio ya Felice Beato huko Yokohama, Japani, iliuza picha zilizopakwa rangi na mafundi wa brashi. Kuna jambo moja kwa mafundi hao ambalo linafaa kukumbukwa mpaka leo: rangi yao ilikuwa nyepesi, ya kupenya mwanga, hivi kwamba mikunjo ya nguo, vivuli na mwangaza vilitoka kwenye picha yenyewe na si kwenye brashi. Nitalirudia jambo hilo tutakapofika kwenye picha za zamani.

Kwa nini wekundu hupotea

Anayetaka kuitumia rangi vizuri sharti kwanza aelewe namna inavyogeuka kuwa kijivu. Kila nukta ya picha ya kidijitali ina namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, na kila moja huanzia 0 hadi 255. Programu inapotafuta kijivu haichukui wastani wa kawaida, kwa sababu jicho la binadamu huona kijani kuwa chenye mwanga zaidi kuliko nyekundu, na nyekundu kuwa yenye mwanga zaidi kuliko buluu. Kanuni moja iliyoanzia kwenye televisheni, na ambayo bado inatumika, inachukua asilimia 30 ya nyekundu, asilimia 59 ya kijani na asilimia 11 ya buluu.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano. Kitambaa chekundu chenye nyekundu 180, kijani 20 na buluu 30 kitatoa kijivu cha 69 hivi. Ngozi ya maji ya kunde yenye nyekundu 110, kijani 70 na buluu 50 itatoa kijivu cha 80. Vitu viwili ambavyo macho yetu huviona mbalimbali kabisa vimeachana kwa hatua 11 tu kati ya 255, na katika kivuli tofauti hiyo hufutika. Ndiyo maana kisutu kinazama. Kijani kibichi cha majani, kwa upande mwingine, hutoa kijivu cheupe zaidi na hujitenga na ngozi bila msaada wa rangi, kwa hiyo mara nyingi hakuna haja ya kukibakiza.

Namba hizo hizo zinaeleza tatizo la pili, ambalo ndilo linalowakwamisha wengi wanaopiga picha watu wenye ngozi kama zetu. Kahawia si rangi inayojitegemea; ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza. Kwenye duara la rangi lenye nyuzi 360, ngozi ya mfano wetu inakaa kwenye nyuzi 20, na kitambaa chekundu kwenye nyuzi 356, yaani vimetengana kwa nyuzi 24 tu, na midomo hukaa katikati yao. Kamera na programu nyingi zina njia ya mkato ambayo hukuambia uguse rangi moja nayo itaondoa nyingine zote. Iguse nyekundu ya kisutu, na programu itakuachia kisutu pamoja na midomo, kingo za masikio, viganja na nusu ya shavu lililoelekea jua, kila kitu kikiwa na mabaka kama mtu mwenye upele. Njia hiyo ya mkato inafanya kazi vizuri kwa buluu ya kikoi, zambarau au kijani, kwa kuwa rangi hizo ziko mbali na ngozi kwenye duara. Kwa nyekundu, chungwa, manjano na dhahabu, usiitegemee peke yake.

Kutokana na hayo unaweza pia kujua mapema ni vitu gani havitakufaa. Piko ni nyeusi, kwa hiyo hakuna rangi ya kubakiza. Asumini ni nyeupe, nayo vilevile. Hina mkononi ina rangi iliyo jirani mno na ngozi, na ukiibakiza itaonekana kama doa badala ya pambo, isipokuwa iwe imekolea sana na mkono umepigwa kwa karibu. Shanga za Kimaasai zina rangi nyingi zilizopangwa kwa maana na mpangilio wake, na kuchagua moja kati yao ni kuuvunja ushanga. Aidha zibaki zote, aidha zisibaki. Macho ya kahawia, ambayo wengi hujaribu kuyabakiza kwa kuiga picha za watu wenye macho ya buluu, hutoa rangi kidogo mno, na uso huishia kuwa na sura ya mtu aliyekesha.

Kabla ya kubonyeza

Nilimpiga picha shangazi yangu, aliyejitanda kisutu, akiwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango, akitazama nje. Mahali hapo panafaa kuliko uani penye jua la saa sita, kwa sababu mwanga unaoingia mlangoni umeshapozwa na kivuli cha nyumba ya jirani, nao huujaza uso polepole kutoka upande mmoja. Nyuma yake kuna giza la ukumbi. Ukuta uliopakwa chokaa upande wa pili wa uchochoro unarudisha mwanga mweupe, na hilo ni bora kuliko mwanga uliopita kwenye majani ya mwembe, ambao huja na ukijani unaoikaa ngozi na nguo.

Ukijani huo ungeweza kudharauliwa katika picha ya nyeusi na nyeupe tupu. Hapa haudharauliki, kwa sababu rangi iliyobaki peke yake haina jirani wa kuifichia kasoro: nyekundu iliyopotoka ikawa ya udongo au ya waridi itaonekana kuwa imepotoka. Kwa hiyo picha ya kwanza kabisa ya kila kikao iwe ya kadi ya kijivu ya wapiga picha, au walau karatasi nyeupe isiyong'aa, ikiwa imeshikwa na mhusika mahali pale pale alipokaa. Baadaye utaitumia kuiambia programu nyeupe ni ipi.

Jambo la pili ni kipimo cha mwanga. Kitambaa chekundu kinachopigwa na mwanga mkali kinaweza kuijaza chaneli ya nyekundu, yaani ile namba ya nyekundu ya kila nukta, hadi 255 wakati mchoro wa jumla wa mwangaza ambao kamera hukuonyesha unaonekana salama, kwa kuwa chaneli mbili nyingine ziko chini. Chaneli ikishajaa, mikunjo ya nguo hupotea na kanga huonekana kama kipande cha karatasi iliyobandikwa. Kama kamera yako inaweza kuonyesha michoro mitatu ya chaneli, itazame ya nyekundu. Kama haiwezi, punguza mwanga kwa theluthi moja au mbili za hatua (hatua moja nzima huupunguza mwanga kwa nusu), kisha upandishe vivuli baadaye.

Tundu la lenzi ninalolipenda kwa kazi hii ni kati ya f/4 na f/5.6, ingawa picha za watu huvutia kwa f/1.8, ambalo ni tundu pana zaidi linaloacha nyuma na ukungu. Sababu ni ya kazi ya baadaye: ukingo wa kanga uliotoka nje ya umakini wa lenzi huchanganya nyekundu na rangi ya kilicho nyuma yake katika mstari mpana, na hakuna brashi itakayoweza kuutenganisha mstari huo bila kuacha alama. Lenzi ya milimita 85 kwenye kamera yenye sensa kubwa (sensa ni kile kipande kinachonasa mwanga), au ya milimita 50 kwenye sensa ndogo, inatosha. Umakini ukae kwenye jicho lililo karibu.

Kamera nyingi hukuruhusu kutazama kioo katika nyeusi na nyeupe huku faili ghafi (RAW, yaani kila kilichonaswa na kamera kabla hakijabanwa) likihifadhi rangi zote, na nakushauri ufanye hivyo, kwa sababu utaona papo hapo vitu vyenye mwangaza unaosumbua ambavyo macho yanayotazama rangi huviruka, kama vile kopo jeupe pembeni au mstari wa jua sakafuni. Lakini hakikisha kwanza kwamba faili ghafi linahifadhiwa. Mara ya kwanza nilipomkalisha shangazi mlangoni nilikuwa nimeiweka kamera katika nyeusi na nyeupe na kuiacha ihifadhi JPEG tu, lile faili la kawaida lililobanwa, na nilipofika nyumbani nikakuta picha arubaini zisizo na chembe ya nyekundu, wala hakuna njia ya kuirudisha. Ilinibidi niombe radhi, na alivaa kisutu kile tena baada ya wiki mbili, kwa masharti yake.

Faili ghafi lina faida nyingine isiyotajwa mara nyingi. JPEG nyingi za kamera na simu hupunguza taarifa za rangi ili faili liwe dogo: mwangaza huhifadhiwa kwa kila nukta, lakini rangi huhifadhiwa kwa makundi, mara nyingi nukta nne zikigawana rangi moja. Katika picha ya kawaida huoni lolote. Ukiiacha nyekundu peke yake kando ya kijivu, utaiona ikivuka ukingo wa nguo na kuingia kwenye ngozi kwa upana wa nukta moja au mbili, kama wino uliolowana. Isitoshe, JPEG ina ngazi 256 kwa kila chaneli, na faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384, jambo ambalo utalishukuru utakapoanza kuivuta ngozi katika kijivu.

Kijivu kwanza

Kosa la wanaoanza ni kukimbilia kubakiza rangi kabla ya picha ya nyeusi na nyeupe kukamilika. Rangi hiyo moja itachukua sehemu ndogo ya picha, pengine moja ya tano. Iliyobaki yote ni kijivu, na uso wa mtu umo humo. Nitaeleza kwa GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo hailipiwi na hufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida, lakini mtumiaji wa Photoshop ataitambua kila hatua.

Baada ya kurekebisha weupe kwa kutumia picha ya kadi, fungua picha na urudufu tabaka lake kwa Shift, Ctrl na D, ili uwe na picha mbili zilizolala moja juu ya nyingine kama karatasi. Tabaka la chini litabaki na rangi zake zote na hutaligusa. Kwenye tabaka la juu nenda kwenye menyu ya rangi, sehemu ya kuondoa rangi, na badala ya amri ya kwanza chagua kichanganyi cha chaneli, ambacho hukuuliza uchukue kiasi gani cha nyekundu, kijani na buluu.

Hapa ndipo ngozi inapoamuliwa, na panastahili dakika nyingi kuliko hatua nyingine yoyote. Chaneli ya nyekundu hulainisha ngozi, hupunguza makovu na madoa, na huipa midomo weupe; ukiitumia peke yake, mzee wa miaka sabini atakuwa na uso kama wa plastiki. Chaneli ya buluu hufanya kinyume: huitia ngozi giza, huonyesha kila alama na huleta chengachenga nyingi. Chaneli ya kijani ndiyo yenye mizani bora ya mikunjo na mwanga. Mimi huanza na 0.4 kwa nyekundu, 0.5 kwa kijani na 0.1 kwa buluu, kisha husogeza kidogo kidogo nikitazama paji la uso na mashavu. Jihadhari na kishawishi cha kuongeza nyekundu mpaka mtu aonekane mweupe kuliko alivyo. Ngozi nyeusi katika picha nzuri ya nyeusi na nyeupe haihitaji kung'arishwa; inahitaji mng'ao wake kwenye mfupa wa shavu ubaki juu na kivuli chake kibaki na taarifa ndani yake. Studio za zamani zililijua hilo. Zitazame picha za Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, uone namna uso unavyojengwa kwa taa na kivuli bila rangi yoyote.

Njia hii ya matabaka mawili ina uhuru ambao si wote wanaouona. Kwa kuwa wekundu wa kanga utatoka kwenye tabaka la chini, kijivu cha kanga katika tabaka la juu hakina umuhimu tena, nawe unaweza kuuchanganya mchanganyiko wote kwa ajili ya ngozi tu bila kujali nguo itakuwa na kijivu gani.

Kufungua dirisha

Sasa tabaka la juu liongezewe barakoa nyeupe. Barakoa ni kama karatasi isiyoonekana iliyolala juu ya tabaka: palipo peupe tabaka linaonekana, palipo peusi linafichwa na cha chini yake kinatokea. Ukichukua brashi yenye rangi nyeusi na kupaka juu ya kanga, rangi zake zitarudi. Ukikosea, bonyeza X ili brashi iwe nyeupe, upake tena, na kosa linafunikwa. Hakuna kinachofutwa, na kwa hiyo usitumie kifutio kamwe katika kazi hii.

Kupaka kanga nzima, hata hivyo, hakutoshi. Weupe wa kisutu ulio kivulini una ubuluu kidogo, ulio upande wa mwanga una umanjano, na weusi wake wa nguo iliyofuliwa mara nyingi umeshakuwa na ukahawia. Ukivirudisha vyote, sehemu hizo zitaonekana chafu kando ya kijivu safi cha uso. Kinachotakiwa kurudi ni nyekundu pekee, na hapa ile njia ya mkato niliyoikosoa inapata kazi yake halali. Kwanza zungushia kanga kwa mkono, kwa kifaa cha kuchagua kwa mstari huru, ukifuata ukingo wa nguo kwenye shingo, kidevu na mikono kwa ukuzaji wa asilimia 200. Kisha, ukiwa umelichagua tabaka la chini, chukua kifaa cha kuchagua kwa rangi, ukiweke katika hali ya makutano, na uguse nyekundu. Programu itatafuta nyekundu ndani ya mipaka uliyoichora tu, na kwa kuwa midomo na mashavu yako nje ya mpaka, haina nafasi ya kuyagusa. Mkono unaweka mpaka, mashine inachambua maua ndani yake. Nimejaribu kubadilisha kazi hizo mbili na sikufika popote.

Lainisha ukingo wa uteuzi kwa nukta moja au mbili, irudie barakoa, na ujaze nyeusi. Kisha upite ukingo wote tena kwa brashi ndogo, hasa chini ya kidevu. Nguo nyekundu hurusha wekundu wake kwenye ngozi iliyo karibu, na hapo chini ya taya utakuta utando ambao si wa nguo wala si wa uso. Ufunike kwa nyeupe bila huruma. Kwenye nyuzi za pindo na nywele zinazopita juu ya kanga, punguza nguvu ya brashi hadi asilimia 30 na upake mara kadhaa, kwani ukingo mkali mahali hapo ndio unaoitangaza picha kuwa imekatwa kwa mkasi.

Anayetumia simu anaweza kufika karibu na hapo kwa Snapseed ya Google, ambayo nayo hailipiwi. Weka kichujio cha nyeusi na nyeupe, ukubali, kisha ufungue orodha ya mabadiliko yaliyofanywa, uguse hatua hiyo ya nyeusi na nyeupe na uchague brashi. Paka kanga kwa nguvu ya 100, halafu ugeuze barakoa kinyume, na kijivu kitafunika kila kitu isipokuwa ulichokipaka. Kuza picha kwa vidole viwili kadiri inavyowezekana, kwa sababu kidole ni kinene kuliko brashi yoyote. Kile kifaa cha Google Photos kinachobakiza rangi hakifai hapa: hutenga mtu na mandhari, kikamwacha mtu mzima na rangi zake zote.

Kuishusha rangi

Picha ikiwa tayari, nyekundu itaonekana imekolea kuliko ulivyoikumbuka, ingawa hukuiongeza. Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Kifaransa aliyesimamia upakaji rangi katika karakana za mazulia ya ukutani ya Gobelins mjini Paris, alieleza mwaka 1839 kwamba rangi mbili zikiwekwa pamoja kila moja huisukuma nyingine mbali nayo. Kijivu kilicho kando ya nyekundu huonekana kuwa na ukijani wa mbali, na nyekundu yenyewe huonekana kali zaidi. Kwa hiyo punguza ukolevu wa tabaka la chini kwa asilimia 10 hadi 20. Kama kijivu cha uso kinaendelea kuonekana kibichi, kitie joto kidogo sana, kiasi ambacho mtu asiyeambiwa hatakiona. Ukikizidisha utapata udhurungi wa picha za kale, na hapo umeingiza rangi ya pili bila kukusudia.

Ondoka mezani kwa saa moja kabla ya kuamua. Jicho lililotazama nyekundu kwa muda mrefu si shahidi wa kuaminika. Kama unafanya kazi kwenye simu, zima ile hali ya usiku inayoipa skrini umanjano.

Picha iliyozaliwa bila rangi

Wengine watakuwa na picha ya bibi, iliyopigwa zamani kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, na watataka kanga yake ipate rangi. Hapa hakuna tabaka la chini la kufunua, na ndipo funzo la wale mafundi wa brashi linaporudi. Iskani picha, ongeza tabaka tupu juu yake, libadilishe hali ya uchanganyaji iwe ya rangi, kisha upake. Katika hali hiyo programu huchukua rangi kutoka kwenye brashi yako na mwangaza kutoka kwenye picha, hivyo mikunjo na vivuli vinabaki vilivyokuwa. Tumia nyekundu iliyopoa, kwani rangi safi kutoka kwenye kisanduku cha programu haifanani na pamba iliyofuliwa. Waulize kwanza waliokuwepo nguo ilikuwa ya rangi gani. Kijivu cha 70 kinaweza kuwa nyekundu, buluu ya bahari au kijani cha chupa, na picha yenyewe haiwezi kukuambia.

Kwenye karatasi

Hifadhi kazi katika muundo wa XCF, ambao ni wa GIMP yenyewe, ili matabaka na barakoa vibaki, kisha utoe nakala ya JPEG kwa nafasi ya rangi ya sRGB, yaani mpangilio wa rangi unaotumiwa na skrini nyingi. Kwa karatasi ya inchi 8 kwa 10 yenye nukta 300 kwa inchi unahitaji nukta 2,400 kwa 3,000.

Studio nyingi husafisha picha zote, hata za nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi ya rangi, na mashine zake hujirekebisha zenyewe. Mashine ikikutana na picha ya kijivu yenye nyekundu moja kubwa, hudhani kwamba picha nzima imeegemea wekundu, nayo huongeza ukijani na ubuluu ili kuisawazisha. Shangazi yangu alitoka kwenye karatasi ya kwanza akiwa na uso wa rangi ya samaki. Mwambie anayesafisha azime marekebisho ya mashine, na uanze na nakala moja ndogo ya inchi 4 kwa 6, uitoe nje kwenye mwanga wa mchana na uitazame ukuta wa nyuma na weupe wa macho kabla ya kuagiza kubwa.

Ikisharidhisha, andika nyuma yake kwa penseli laini mwaka, mahali, jina la kanga kama inalo, na kama nyekundu ile ilitoka kwenye kamera au kwenye brashi.